Mkia wa Kioo na Pini ya Kilolo

Wanangu mnaoingia kazini leo na vile vibunduki vya leza, nimewaona. Mnavielekeza kwenye chuma, mnabonyeza, vinalia tii, na kwenye kioo yanajipanga majina: kromu, nikeli, manganizi. Wengine mna uzi mwembamba wa kioo unaopeleka leza mpaka ndani ya bomba na kurudisha mwanga, mtu amekaa huku, chuma kiko kule. Nawaonea wivu, sitaficha. Lakini kila nikimwona mmoja wenu anabonyeza kabla hajagusa, natamani kumshika mkono.

Naitwa Paskalia. Kazi yangu ilikuwa kusoma chuma, na niliianzia Iyunga, Mbeya, miaka ya sabini, katika karakana moja kubwa iliyotengeneza malori, winchi na mashine za wenzetu wote wa nyanda za juu. Vipuri vilikuwa haba kuliko mvua ya Agosti. Ekseli iliyokatika haikutupwa, ilichongwa ikawa pini, na pini ikichakaa inachongwa tena inakuwa boliti. Kwa hiyo ilikuwa lazima mtu ajue chuma hiki ni chuma gani. Ukichonga pini ya kubebea mzigo kwa chuma laini, umechonga jeneza.

Chombo chetu kilikuwa spektroskopu, sanduku zito lenye kioo cha pembe tatu ndani na tundu la kuchungulia. Sisi tuliliita Jicho. Unaweka kipande cha chuma mezani, unakisogezea kijiti cha shaba, unapitisha umeme, cheche inaruka. Ukichungulia tunduni, mwanga wa ile cheche umepasuliwa kuwa mistari ya rangi, mwekundu huku, buluu kule. Kila madini yana mistari yake, na hayaazimani. Kromu ndiyo niliyoipenda, mistari mitatu ya kijani imesogeleana. Ukiiona, unajua chuma ni kigumu, kitabeba.

Msidhani nilichaguliwa kwa akili. Nilipelekwa pale kuwa karani. Mtaalamu mmoja wa kigeni alitaka wasomaji wapya, akamwaga mezani nyuzi za sufu za kila rangi, akatuambia tuzipange. Kumbe wanaume wawili waliokuwa wakitajwa kuwa mafundi hodari hawakutofautisha nyekundu na kijani. Mmoja aliweka nyuzi zake kwa fujo mpaka tukadhani anatania. Mimi nilikuwa nimefuma vitambaa tangu utoto kwetu Tosamaganga, nikazipanga huku nikizungumza. Tangu siku hiyo yule mtaalamu tukamwita Bwana Nyuzi, na mimi nikahamishiwa kwenye Jicho. Wale wanaume wawili walininunia mpaka Krismasi.

Juma la kwanza nilitangaza kwamba kila chuma cha Iyunga kina shaba. Ekseli ina shaba, nyundo ina shaba, hata kulabu ya trela ina shaba. Niliripoti kwa sauti ya mtu aliyegundua mgodi. Mzee Mwaipopo, aliyekuwa msomaji mkuu, alinisikiliza mpaka mwisho, akaokota kile kijiti cha cheche, akaniwekea kiganjani. Kilikuwa cha shaba. Nilikuwa nasoma kijiti changu mwenyewe. Hakucheka yeye, walicheka wengine, na kwa muda mrefu nikipita karakanani niliitwa Mama Shaba.

Mzee Mwaipopo alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, mkimya, mwenye vidole vipana. Ndiye aliyenilea kazini. Kanuni yake ilikuwa moja, na kila nilipokaa mbele ya Jicho aliirudia kana kwamba sijawahi kuisikia: "Mwanangu, chuma kimevaa. Kivue kwanza, ndipo ukiulize jina."

Maana yake, piga tupa. Usisome kutu, usisome grisi, usisome rangi. Cheche haifiki ndani, inalamba ngozi tu, na inachokilamba ndicho kitakachokujibu. Mzee alipiga tupa mpaka pakang'aa, akapitisha kidole kuhakikisha pamekuwa laini, na kidole hakikuondoka mpaka kijiti kimekuja kukaa mahali palepale. Mkono uliokwaruza ndio ulioshika kijiti, na jicho la mwenye mkono huo ndilo lililosoma. Mtu mmoja, toka mwanzo hadi mwisho. Nilidhani ni ukongwe wa mzee asiyependa kusaidiwa. Nikaja kuelewa baadaye, na niliyoyalipia sitaki myalipie ninyi.

Kulikuwa na miwani nyeusi ya kujikinga na cheche, lakini wenye kuigombea walikuwa wengi, na welda ndiye aliyeihitaji zaidi. Mzee alimwachia. Alisema cheche ya Jicho ni ndogo, haiwezi kumdhuru mtu aliyezaliwa karibu na moshi wa jikoni. Akawa anaitazama hivihivi, kijiti kikikaribia chuma, miaka na miaka. Alipokuwa akiongea nawe alikuwa hakukabili uso kwa uso, aligeuza kichwa pembeni akakuangalia kwa kona ya jicho. Vijana wa karakana walisema Mzee anatazama kama kuku. Mimi nilikuta hali ndiyo hiyo, nikadhani ndiyo maringo yake. Kusoma alikuwa ameshaniachia mimi, kwa maneno kwamba mwanafunzi asiyesoma hakomai. Nilijisikia nimepewa heshima kubwa.

Basi Bwana Nyuzi akarudi kutoka likizo kwao na mzigo umefungwa kwa blanketi. Ulikuwa mkanda wa nyuzi za kioo, maelfu yake, kila mmoja mwembamba kama unywele, zimekusanywa pamoja ndani ya mpira mweusi. Upande mmoja unaufunga kwenye Jicho, upande wa pili una kishikio chenye kijiti cha cheche. Unapeleka kishikio kwenye chuma kilipo, cheche inaruka hukohuko, na mwanga unasafiri ndani ya kioo, unapinda na mkanda unapopinda, unafika kwenye Jicho. Tukauita Mkia. Alituambia pia kwamba kwao kuna watu wameanza kupiga chuma kwa leza badala ya cheche, na kwamba iko siku leza na uzi wa kioo vitafanya kazi pamoja. Tulimwitikia kwa adabu. Hakuna aliyemwamini.

Mkia ulikuwa na tabia zake, na kwa kuwa na ninyi mna nyuzi za kioo, hizi mzichukue. Usiukunje kupita duara la beseni la kufulia. Ukizidisha, utasikia nyuzi zikikatika, sauti ndogo kama chumvi iliyoangukia makaa, na kila uliokatika ni doa jeusi ambalo halitoki tena. Usiuburuze. Ncha yake ifute kwa pamba, si kwa upindo wa shati. Na jambo kubwa, Bwana Nyuzi alilisisitiza: kioo kile kilikuwa kinakula buluu. Nyekundu ilifika, kijani ilifika imepungua, lakini buluu ilimezwa njiani. Madini yanayojitambulisha kwa buluu, kwenye Mkia usiyangoje.

Tulisafiri nao kote. Mzee aliupenda kuliko sisi sote. Mkia uligawa kazi: mmoja anapanda na kushika ncha, mwingine anabaki chini, anajifunika kitambaa cheusi kichwani ili aone ule mwanga hafifu, anasoma. Mzee ndiye aliyekuwa akipanda. Umri wake haukuwa wa kupanda ngazi, lakini alisema mikono yake inajua chuma kuliko yetu, na hilo lilikuwa kweli. Mimi nilibaki chini ya kitambaa.

Sasa niwaambie habari za kaka yangu.

Aloisi alinitangulia kuzaliwa. Baba alipofariki yeye ndiye aliyenisomesha, kwa kazi ya msituni. Alikuwa mfungaji wa magogo katika kiwanda kimoja cha mbao kwenye misitu ya Kilolo. Ukifika Ilula, pale kina mama wanapowakimbilia wasafiri na masinia ya nyanya, unaiacha barabara kuu unapanda. Kule magogo yalitolewa bondeni kwa waya wa chuma uliopita juu ya mlingoti, na kileleni mwa mlingoti lilining'inia kapi kubwa. Kapi lile lilishikiliwa na pini moja, nene kama mkono wa mtu. Gogo likiwa hewani, uzito wote uko kwenye pini. Na mfungaji, akitaka asitake, anasimama chini yake.

Pini ya zamani ilipinda. Ikaletwa nyingine, haikujulikana imechongwa wapi wala kwa chuma gani, imepakwa rangi ya manjano ya kuzuia kutu, nzuri, inapendeza machoni. Ikafungwa. Aloisi akagoma kusimama chini yake. Wenzake walimcheka, fomeni akamtishia kazi, yeye akasema kwetu kuna msomaji, na aje asome. Fomeni alituita, na siyo kwa kumwonea huruma. Alitaka mtu huyu anyamaze kazi iendelee.

Tulifika Kilolo asubuhi ya ukungu, Mzee, dereva na mimi. Aloisi alinisalimu "kamwene" na kunichukulia mzigo kama vile bado naenda shule. Tulipozunguka nyuma ya gari akanishika bega. Akaniambia, "Paskalia, ukisema wewe, nitasimama."

Mzee aliutazama mlingoti kwa upande upande wake ule, akamwambia fomeni pini ishushwe, aisome mezani. Fomeni akakataa. Kuishusha ni kufungua kapi, kulegeza waya wote, na kazi ilikuwa imeshasimama vya kutosha. Akauliza, huo mkia wenu si ndiyo kazi yake? Mzee akasema ni kweli, ila chuma cha namna hii ni vizuri kukishika mikononi. Fomeni akamgeukia dereva kana kwamba Mzee hayupo, akamuuliza kama tumeleta chombo au tumeleta mashaka. Mimi nilishangaa kidogo. Mzee mpenda Mkia, leo anataka meza. Lakini mimi nilikuwa mwanafunzi na yeye alikuwa mzazi wangu kazini, nikanyamaza. Akafunga mkanda kiunoni, akapanda na tupa yake.

Nilikaa juu ya gogo, Jicho mbele yangu juu ya kreti, nikajifunika. Ndani ya kitambaa dunia inakwisha. Nilisikia tupa huko juu, kwaru, kwaru, kwa muda mrefu, kwa mwendo wake niliouzoea. Kisha kimya. Nikapaza sauti kutoka humo gizani.

"Umekwaruza, Mzee?"

"Nimekwaruza."

Jenereta likanguruma, mwanga ukafika. Hafifu, lakini ukafika. Na pale kwenye kijani, mistari mitatu imesogeleana. Niliitazama nikahakikisha, nikaomba arudie, akarudia, ikaja tena vilevile. Nikafunua kitambaa. Aloisi alikuwa amesimama karibu yangu ananitazama mdomo. Nikamwambia ni kromu. Akacheka kicheko cha kutua mzigo, akavaa glovu zake.

Tulikula ugali na maharage pamoja naye, akanifungia nyanya za kumpelekea mama. Tuliagana.

Mvua za kwanza hazijanyesha, simu ikaja karakanani kwamba pini imekatika. Aloisi alikuwa chini.

Sitawasimulia maziko. Nitawasimulia kilichokuwa ndani ya gunia ambalo kiwanda kililileta Iyunga baadaye, ili sisi wasomaji tujieleze. Zilikuwa nusu mbili za pini. Nilizitoa mimi mwenyewe, maana wenzangu walikuwa wanaangalia chini. Kwenye nusu moja palikuwa na mahali pamekwaruzwa, peupe, pamelainishwa vizuri kabisa, kazi ya mkono wa Mzee isingeweza kufichika. Na pembeni, upana wa vidole viwili hivi, juu ya rangi ya manjano ambayo haikuguswa na tupa, palikuwa na kidoa cheusi cha kuungua. Pale ndipo cheche ilipopiga.

Rangi ile ya manjano, vijana, imetengenezwa kwa kromu na zinki. Nilikuwa nimesoma rangi. Mezani ningeiona zinki, mistari yake ya buluu ingenipigia kelele, lakini Mkia ulikuwa umeimeza. Nikapeleka kipande mezani, nikakisoma mahali palipo peupe. Hapakuwa na kromu. Chuma laini, cha kuchongea bawaba ya mlango.

Nilikaa na ile nusu ya pini mapajani. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena maishani. Haikuniingia akilini fundi wa namna ile aitwe mzembe, aliyenichapa vidole kwa rula kwa kuacha grisi. Amekwaruza vizuri hivi, kisha agusishe pembeni? Mtu anawezaje kugusa pembeni ya kitu kinachong'aa hivi? Ndipo nikakumbuka kuku.

Nilimfuata nyuma ya karakana, alikokuwa amekaa kwenye tairi bovu. Sikumsalimu, Mungu anisamehe. Nilishika kidole chake nikakiweka pale palipolainishwa. Akapapasa, akasema, "Hapa nilikwaruza." Nikakisogeza kidole mpaka kwenye kile kidoa, akahisi ukavu wa rangi iliyoungua. Kidole kikaganda palepale.

Mwishowe akasema, "Mwanangu, katikati pamezima. Ninachokitazama ndicho nisichokiona."

Cheche ilikuwa imemla katikati ya macho, kidogo kidogo. Pembeni aliona, kwa hiyo alitembea, alipanda ngazi, alipokea sahani. Mezani kidole kilimwongoza. Juu ya mlingoti, mkono mmoja umeshika nguzo, ilibidi akiondoe kidole ili ashike kishikio. Sehemu aliyoilenga ikapotea ndani ya giza lake, akabahatisha. Wale waliomzoea walikuwa wamehisi siku nyingi. Hakuna aliyesema. Mzee hasemwi kwamba haoni, ndivyo tulivyolelewa, na malezi hayo nayo yalisimama juu ya mlingoti siku ile.

Aliniomba nimpeleke kwa mama. Nilikataa, akaomba tena, tukapanda basi mpaka Iringa, na kutoka pale kwa miguu na lifti za watu mpaka kwetu. Matanga yalikuwa yameanuliwa lakini jamaa bado walikuwepo. Mama alikaa kibarazani. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, hivyo Mzee alisema kwa Kiswahili, nami nikayaweka kwa Kihehe, neno kwa neno, pamoja na yale ambayo sikutaka kinywa changu kiyatamke. Alieleza macho yake, tupa, kidole. Hakujitetea.

Mama akaniambia nimuulize, kwao mtu akisema haoni anafanywa nini, anapigwa?

"Hapana, mama," Mzee akajibu. "Anaonewa huruma."

Nilipomfikishia, mama aliitikia kwa kichwa. Kisha akasema mwenyewe kwa Kiswahili chake, polepole ili asikosee: "Uliogopa huruma. Basi hapa haipo."

Aliagiza aletewe chai, maana mgeni ni mgeni. Mzee akanywa. Alipomaliza, mama aliinuka, akamshika mkono, si kwa kumwongoza kama mgeni, bali kama kipofu. Akampitisha uwanjani, mchana kweupe, mbele ya watu wote, akimwambia hapa pana jiwe, hapa pana mfereji, inua mguu. Mzee aliona jiwe, aliona na mfereji, maana kwa pembeni aliona. Lakini aliinua mguu kila alipoambiwa. Mama alimfikisha barabarani, akamwachia mkono, akarudi. Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa adhabu au ilikuwa huruma aliyosema haipo. Mama hakuwahi kuizungumza.

Mzee aliacha kazi mwezi uleule, akarudi Tukuyu. Mkia uliendelea kutumika mpaka ulipojaa madoa meusi. Mimi niliendelea kusoma, maana sikuwa na kazi nyingine, na kila niliyempandisha juu nilimlazimisha afunge kamba nyekundu pembezoni mwa sehemu aliyokwaruza, na mimi nipande nikaione kabla ya kujifunika. Walinichukia kwa kuwachelewesha. Wachukie tu.

Basi leza yenu ni safi, na uzi wenu wa siku hizi haumezi buluu. Lakini leza nayo inalamba ngozi tu. Weka kidole kwanza. Na mwenye kukwaruza awe ndiye mwenye kusoma, au la, mshikane mikono.

Leo mjukuu wangu alinileta hapa chuoni kuzungumza nanyi, akaniuliza kwa nini nakaa upande upande. Nilimjibu, na ninyi nawajibu mbele ya walimu wenu wote. Mstari wa mbele, mnaonikabili, sura zenu sizioni. Naona masikio, naona mabega, naona dirisha nyuma yenu. Katikati pamezima. Atakayenishusha ngazi hii anishike mkono, na aniambie kila penye jiwe.